Kioo cha Nokia 5110 kwenye kikompyuta changu, nakitumia tangu mwezi wa nne

Wakuu wa Mbeya na Iringa mnaojiundia vikompyuta vya mkononi, kabla hujanunua kioo soma hapa kwanza. Mimi nilianza na ka-OLED (kioo ambacho kila nukta inawaka yenyewe) ka inchi 0.96, gizani kanapendeza balaa ila kakijaa maandishi mita yangu inasoma miliampia kama 20, na ukitoka nako kwenye jua la saa saba pale Mwanjelwa huoni kitu.

Ndo nikaagiza kioo cha Nokia 5110, ile simu ya 1998, kikaja na basi toka Kariakoo. Nukta 84 kwa 48 tu, yaani mistari sita ya herufi 14, na kwa kusoma noti na kupiga hesabu inanitosha kabisa. Ukizima taa ya nyuma hakifiki hata miliampia moja, na juani ndo kinasomeka vizuri zaidi! Picha nzima ni baiti 504, kwa hiyo hata bodi ndogo ya Arduino Uno yenye memori ya baiti 2048 inakimudu.

Ila msikipe volti 5, ni cha 3.3 na waya za data nazo hivyohivyo. Changu kilikuja na mistari inayopotea, nikajua kimekufa, kumbe ni ile raba nyembamba inayounganisha kioo na bodi, nikafungua fremu nikaifuta na spiriti nikarudisha, kikawa kizima. Shida nyingine baridi. Mwezi wa saba asubuhi huku Uyole maandishi yanafifia na yakibadilika yanaacha kivuli, ukiongeza kontrasti yanarudi, halafu mchana joto likipanda kioo chote kinakuwa cheusi, ikabidi niweke vitufe viwili vya kontrasti pembeni. Nawashauri muweke mapema kabla hamjafunga kasha.

Jamaa yangu wa Iringa ana kioo cha Sharp aina ya memori, inchi 2.7, nukta 400 kwa 240, aisee kile kioo ni kizuri jamani, kinashika picha kwa umeme kiduchu mno na hakichelewi kubadilisha picha kama e-pepa (vile vioo vya kusomea vitabu). Ila bei imechangamka, picha moja inakula baiti 12,000 kwa hiyo Uno sahau, tafuta bodi yenye memori kubwa kama ESP32, na lazima ukigeuzie ile ishara ya VCOM (inayogeuza mwelekeo wa umeme ndani ya kioo) muda wote hata picha ikiwa imetulia, la sivyo kinaharibika taratibu. Nadunduliza hela yake.

5110 naipa nyota nne, moja nimekata sababu ya ile raba.