Steam Deck au laptopu ya gemu, kwa mtu wa Lamu

Kwa anayepanda boti hadi Mokowe kisha basi la Mombasa, Steam Deck OLED, kompyuta ndogo ya gemu ya kushika mkononi kutoka kampuni ya Valve, inavutia: ina gramu 640 hivi, inaingia mkobani pamoja na kikoi. Umeme ukikatika, betri yake ya Wh 50 hudumu saa 3 hadi 12 kutegemea gemu. Laptopu ya gemu ukiichezea bila chaja haifiki mbali.

Lakini vijana wetu wanacheza nini? Mpira! Hapo ndipo Deck inapokwama. Inatumia SteamOS, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux badala ya Windows, na gemu ya mpira EA Sports FC 25 haichezeki humo kwa sababu ya programu yake ya kuzuia udanganyifu. Fortnite, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, vilevile. Kuweka Windows kunawezekana, ila ni kujitafutia kazi. Laptopu haina mgogoro huo, tena mchana inapiga hesabu za duka.

Valve haiuzi Deck Kenya moja kwa moja, kwa hiyo utaagiza kupitia watu, na ikiharibika utahangaika. Feni za zote mbili hunyonya mchanga, basi ufuo wa Shela usahau.

Una kompyuta tayari na wapenda gemu za peke yako? Chukua Deck. Huna? Laptopu kwanza.