Bredibodi ya kununua Lubumbashi: kwangu ya matundu 400 kwanza

LED, ile taa ndogo ya sakiti, inawaka ukigusa waya, ukiuachia inazima. Usikimbilie kulaumu mchoro wako. Mara nyingi kosa limo ndani ya bredibodi yenyewe, ile bodi ya matundu ya kujengea sakiti bila kulehemu, plaque d'essai kama wanafunzi wetu wanavyoiomba dukani. Chini ya kila matundu matano kuna kibanio cha chuma, na kikilegea utatafuta kosa mpaka usiku. Ndiyo maana mimi nazipanga kwa mshiko, si kwa wingi wa matundu.

Ya kwanza ni ya matundu 400. Ina safu 30, Arduino Nano (bodi ndogo ya kuprogramu) na sensa, yaani vihisi, mbili tatu zinaenea, na njia zake za umeme za pembeni kwa kawaida hazikatiki. Nafasi ikiisha, nunua nyingine uzishikize kwa meno ya ubavuni.

Ya 830 wengi ndiyo wanayoitaka, lakini naiweka ya pili. Katika nyingi, njia ya umeme imekatwa katikati. Niliwahi kupoteza jioni nzima nusu ya sakiti ikiwa imekufa, kumbe volti 5 zinaishia nusu ya bodi! Angalia mstari mwekundu na wa buluu: ukiwa na pengo, vusha kwa vipande vya waya. Usipokuwa na pengo, pima vilevile.

Ya 170 haina njia za umeme kabisa. Labda ya kubandika juu ya kiroboti.

Kabla ya kulipa, chomeka mguu wa rizista, pindua bodi, tikisa. Rizista ikianguka, mrudishie papa muuzaji bodi yake. Kisha weka multimita, kile kipima umeme, kwenye mlio wa kupima kama waya umeungana, chomeka vipande viwili vya waya katika matundu matano ya kibanio kimoja, vishike kwa ncha za multimita na uvichezeshe: mlio usikatikekatike. Geuza na nyuma. Karatasi ya gundi ikiwa imebanduliwa, vibanio husukumwa nje, na juu ya meza ya chuma vitapiga shoti.

Sasa nyaya za pini za kuchomeka, na hapa ndipo ninapokasirika. Tuko katika mji wa shaba, halafu tunauziwa chuma kilichopakwa shaba! Nenda na sumaku, iguse kwenye waya wenyewe, si kwenye pini, ikinata, acha. Mimi naomba mabaki ya kebo ya mtandao kwa mafundi, ile ya uzi mmoja mgumu, unene kama nusu milimita. Inashika vizuri, na haikatiki kwa siri ndani ya plastiki kama nyaya za pini.

Daiodi za 1N4007, zile za kupitisha umeme upande mmoja tu, zina miguu ya karibu milimita 0.8. Usizilazimishe: zinapanua kibanio, na rizista utakayochomeka hapo baadaye itacheza. Uziunganishie waya mwembamba kwa risasi ya kulehemu. Na wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likianza, bodi ilale ndani ya mfuko.