Tathmini ya Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya Windows

Anayenunua kompyuta ya mtumba katika maduka ya Darajani au Mlandege kwa kawaida hukabidhiwa mashine ambayo muuzaji ameshaipiga Windows, bila ya flashi wala diski yoyote ya kuirejesha siku itakapogoma kuwaka. Siku hiyo ikifika, huibeba hadi kwa fundi na kulipia kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe ukumbini. Rufus, programu ya bure iliyoandikwa na Pete Batard na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, ndiyo ninayoiona inafaa zaidi kwa kuandika flashi ya kupigia Windows upya katika nyumba zetu za Unguja na Pemba, na sababu yangu ya kwanza ni bando.

Microsoft inayo programu yake ya kutengenezea flashi, na ni rahisi kuitumia. Hata hivyo, ukiiamuru iandike moja kwa moja kwenye flashi, huanza kwa kupakua Windows nzima, ambayo ni zaidi ya GB 5, na ukitaka flashi nyengine baadaye hupakua tena tangu mwanzo. (Inaweza pia kukuhifadhia faili la ISO, yaani faili moja lililobeba Windows nzima, lakini wengi hulipita chaguo hilo bila ya kulitazama.) Rufus huanzia kwenye faili la ISO ulilokwisha kuwa nalo, hivyo likishapakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, litatumika kuwaandikia flashi jamaa wote hadi Wete bila ya kugusa bando. Umeme ukikatika katikati ya kazi na kompyuta ni ya mezani, flashi itabidi iandikwe upya, lakini faili lenyewe litakuwa salama pale lilipohifadhiwa.

Programu yenyewe ina ukubwa wa takriban MB 2 na haihitaji kusanidiwa. Hufunguliwa na kutumiwa papo hapo, hata kutoka kwenye flashi nyengine. Ipakuliwe kwenye tovuti yake ya rufus.ie, si kwingineko. Kabla ya kuandika inaweza kukokotoa alama ya SHA-256 ya faili la ISO, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa hata kidogo, ukailinganisha na ile iliyotangazwa na watengenezaji, na hatua hii isidharauliwe na anayepokea faili kutoka kwa rafiki. Ipo pia nafasi ya kukagua flashi yenyewe, ambayo hufichua zile za bei rahisi zilizoandikwa GB 64 juu ya ganda ilhali ndani hazifiki hata nusu yake. Ukaguzi huo huchukua muda mrefu, lakini kwa flashi iliyonunuliwa mtaani ningeufanya. Microsoft inataka flashi isiyopungua GB 8. Mimi napendekeza GB 16, na iwe tupu, kwa sababu kila kilichomo hufutwa.

Sifa iliyoipatia Rufus umaarufu zaidi ni uwezo wake wa kuondoa masharti ya Windows 11. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zimebaki njia panda, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Rufus hukuuliza, kwa visanduku vya kutia tiki, iwapo uondoe sharti la TPM pamoja na lile la kufungua akaunti ya Microsoft. Nimeridhika nayo, lakini msomaji aelewe mipaka yake: Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine za aina hiyo, na zile kongwe zenye prosesa ya Intel Core 2 Duo haziwezi kuwasha matoleo ya Windows 11 kuanzia 24H2 (la mwaka 2024) kwa njia yoyote, kwani prosesa zake zinakosa maagizo yanayohitajika. Kwa mashine hizo ni bora kuandika flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kazi ambayo Rufus huifanya vizuri vilevile.

Rufus haitengenezi flashi ya uokozi ya kompyuta mahsusi. Hiyo hutengenezwa na Windows yenyewe, kwa kutafuta «Recovery Drive» kwenye menyu ya kuanzia. Hubeba mafaili ya mfumo ya mashine ileile, na flashi ya GB 32 huitosha. Haihifadhi picha za harusi wala kazi za skuli za watoto; hizo zinakiliwe kwingine. Aidha, laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data kwa ufunguo, bila ya mwenyewe kutambua, na ukijaribu kuitengeneza kwa flashi hudai ufunguo wa tarakimu 48, hivyo ufunguo huo uandikwe karatasini mapema.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hufanya kazi ndani ya Windows tu, na toleo la 4 halikubali Windows 7, ambayo inabaki na toleo la 3.22. Fundi anayehitaji mifumo kadhaa kwenye flashi moja atapendelea Ventoy, programu nyengine ya bure, ambayo humtaka anakili mafaili ya ISO tu na kuchagua mojawapo wakati wa kuwasha.