Kiti chetu katika Bodi ya Benki ya Dunia: huduma yake ikipimwa kutoka Lamu (nyota 3 kati ya 5)

Mradi wa uvuvi wa KEMFSED, wa dola milioni 100 kwa kaunti tano za Pwani, Lamu ikiwemo, ulipitishwa na Bodi ya Benki ya Dunia mwaka 2020. Kwenye meza ile Kenya ina mwakilishi, na mvuvi wa Kizingitini anastahili kujua huduma yake inamfikiaje.

Viti ni 25. Kenya haina chake peke yake. Inashirikiana kimoja na nchi nyingine 21 za Afrika. Aliyeanza kukikalia Novemba 2024 ni Zarau Kibwe wa Tanzania, akimpokea Floribert Ngaruko wa Burundi. Muhula ni miaka miwili. Wanaopiga kura ni magavana, na gavana hapa si yule wa kaunti: kwa Kenya ni Waziri wa Hazina ya Taifa. Kundi hukubaliana zamu, nchi yenye zamu hupendekeza mtu wake, kisha kura zinapigwa. Nchi 22 kwa miaka miwili miwili ni miaka 44 kabla zamu haijarudi.

Nyota ya kwanza tunaikata hapo hapo. Mkataba wa Benki hausemi nchi imtafute vipi mtu wake, kwa hiyo serikali inaweza kutangaza nafasi au kumteua mtu kimya kimya. Zamu ya Kenya ikifika, tunataka jina litangazwe mapema, pamoja na miradi ambayo mtu huyo amewahi kuisimamia mpaka ikafungwa. Aliyezoea bajeti za wizara tu atatumia mwaka mzima kujifunza, na mwaka mmoja ni nusu ya muhula. Tena mkurugenzi, yaani huyo anayekalia kiti, hupiga kura za nchi zote 22 kwa fungu moja, hawezi kuzigawa. Akiwa dhaifu katika majadiliano ya ndani ya kundi, neno la Kenya humezwa kabla ya kufika mezani.

Upande wa malalamiko ndiko huduma hii inakokaribia ufuo. Bodi ina Jopo la Ukaguzi, lililoundwa 1993. Halitozi ada, hupokea barua ya Kiswahili, na huficha majina ukiomba. Wamaasai wa Olkaria walilitumia mwaka 2014 kuhusu kuhamishwa kwao kwa ajili ya umeme wa mvuke. Bodi iliruhusu uchunguzi, na baadaye pande zote zikakaa kwenye usuluhishi.

Barua nyingi huharibikia kwenye maandishi. Chukulia kikundi cha wavuvi wa Faza kilichoona bandari yao ya mashua imezibwa na jengo la mradi. Wakiandika "tumedhulumiwa", haitoshi. Waandike jina la mradi na namba yake, ile inayoanza na herufi P, mahali penyewe, tarehe ujenzi ulipoanza, mashua ngapi zilikuwa zikiegeshwa pale na sasa zinaegeshwa wapi, na nani aliitwa kwenye kikao cha mashauriano. Watie sahihi watu wawili au zaidi, maana la mtu mmoja halipokelewi. Muhimu kuliko yote, waambatishe nakala za barua walizopeleka kwanza ofisi ya mradi na ofisi ya Benki Nairobi, zikiwa na mhuri wa kupokelewa. Kulalamika kwa mdomo gatini hakuachi ushahidi, na Jopo litauliza kama Benki ilipewa nafasi ya kurekebisha.

Malalamiko ya zabuni hayaingii kwa Jopo kabisa. Mradi uliofungwa zaidi ya miezi 15 pia umetoka mkononi. Na kama fedha zilipitia IFC, ule mkono wa Benki unaokopesha makampuni, mlango ni mwingine, unaoitwa CAO.

Nyota ya pili inakwenda kwa muda. Jopo lina siku 15 za kazi kuisajili barua, wasimamizi wa Benki siku 21 kujibu, kisha Jopo siku 21 nyingine kuamua kama lipendekeze uchunguzi. Jumla ni siku 57 za kazi, karibu miezi mitatu, kabla Bodi haijaulizwa. Barua iliyotumwa kaskazi inapoanza hupata jibu hilo msimu ukielekea ukingoni, na mashua karibu zipandishwe pwani kungoja kusi ipite.

Kwa hiyo iandikeni kusi, mkiwa nchi kavu na watu wote wapo wa kutia sahihi. Nakala moja ipelekeni ofisi ya mkurugenzi Washington. Yeye si hakimu wa malalamiko, lakini taarifa ya Jopo ikifika Bodini atakuwa mmoja wa wanaoijadili, na Kibwe akiwa bado kitini mnaweza kumwandikia kwa Kiswahili bila mkalimani.