Kuondoa nywele nyumbani kwa maumivu machache: ununue nini ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Ushauri mwingi wa kuondoa nywele umeandikwa na watu wa joto. Huku kwetu, alfajiri ya Julai pale Uyole au Makete, mwili unasisimka, vinyweleo vinasimama na ngozi inaota vinundu. Wembe ukipita hapo unakata vinundu pamoja na nywele. Kwa hiyo kabla ya bidhaa yoyote, oga maji ya moto, funga mlango, na subiri mwili utulie. Hilo halina bei.

Nimepanga bidhaa kwa kipimo kimoja: maumivu ya saa ile na ya siku ya pili, ukilinganisha na hela unayotoa. Anayetaka ngozi ya kuteleza kwa ajili ya harusi ya Jumamosi anaweza kupanga tofauti.

1. Mashine ndogo ya kunyolea, ya kuchaji

Hii ndiyo ningeinunua kwanza. Inakata nywele juu ya ngozi, haing'oi wala haikwangui. Vishina vifupi vitabaki, na hiyo ndiyo faida yake: nywele zetu za kujisokota zikikatwa chini sana, ncha hujikunja na kuota kwa ndani, na hapo ndipo vinapoanzia vipele na weusi wa kwapani. Ukiwa Mwanjelwa au Kabwe, mwambie muuzaji aiwashe, uipitishe kwenye nywele za mkono wako. Ikivuta badala ya kukata, iache hapohapo. Meno butu ndiyo yanayouma. Chagua yenye kichwa kinachochomoka ili ukioshe, na inayokaa na chaji, maana umeme wetu unajulikana.

2. Sukari na limau

Kwa anayetaka kung'oa, sijaona cha kuizidi kwa bei. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji, robo kikombe cha maji ya limau, moto mdogo, hadi rangi iwe ya asali iliyokolea. (Watoto wafukuze jikoni, watadhani ni pipi, na sukari ya moto inaunguza vibaya kuliko maji.)

Watu wengi hukosea hapa kwa sababu ya mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Maelekezo ya mtandaoni yakikuambia ufikishe nyuzi 120, kwetu punguza tano au sita, la sivyo utatoa jiwe. Usipokuwa na kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likifinyangika laini kati ya vidole, epua. Acha ipoe hadi uweze kuishika bila kushtuka. Baridi ikiigandisha katikati ya kazi, weka chombo ndani ya maji ya moto.

Ngozi iwe kavu kabisa, paka poda kidogo. Bandika sukari kinyume na nywele zinavyolala, kisha ivute kuelekea zinakolala, kwa mkupuo mmoja, mkono ukienda sambamba na ngozi badala ya kuinuka juu. Mkono wa pili uvute ngozi ikaze, na ukishang'oa bonyeza kiganja hapohapo. Uchungu hupungua mara moja. Nywele ziwe na urefu wa nusu sentimita hivi. Zikiwa fupi hazishikiki, zikiwa ndefu mno zinauma bure, zipunguze kwanza. Ukikosea, maji ya uvuguvugu yanasafisha kila kitu.

3. Wembe wa mpini

Rahisi, upo kila kiosk. Nunua wenye bapa moja la kukatia, au mawili. Ile ya mabapa mengi hunyanyua nywele na kuzikata chini ya usawa wa ngozi, ndipo vipele. Tumia povu jingi, nyoa kufuata nywele zinavyolala, usikandamize, na ukianza kukwaruza utupe. Usiazimane na mtu yeyote, hata dada yako: virusi vya Ukimwi na homa ya ini B hupita kwenye damu ya wembe.

4. Krimu ya kuondoa nywele

Haiumi kabisa ukiiheshimu saa. Dawa iliyomo huvunja protini ya nywele, na ngozi nayo ina protini, kwa hiyo dakika za ziada ni za kuungua. Jaribu sehemu ndogo ya mkono siku moja kabla. Isiguse jeraha, wala sehemu za ndani za siri. Angalia tarehe ya mwisho na alama ya TBS, hasa kwa zile zinazotandikwa chini.

5. Stripu za waksi

Zinafanya kazi ya sukari kwa bei ya juu. Kwa baridi yetu, nta hukakamaa na kuvuta ngozi, basi zisugue vizuri kati ya viganja kwanza. Kama unatumia dawa ya chunusi yenye retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), ziepuke, ngozi inaweza kutoka.

6. Epileta

Mashine inayong'oa nywele kwa vibanio vingi vidogo. Mara ya kwanza ni mateso, baadaye hupungua kwa kuwa nywele hurudi nyembamba na chache kwa wakati mmoja. Anza na miguu, mwendo wa polepole. Kwapani iache hadi uzoee.

Hapa wengi huulizia ganzi. Panado au ibuprofeni nusu saa kabla inasaidia kiasi. Krimu ya lidokeini ipo famasi, lakini inahitaji karibu saa nzima kufanya kazi. Paka eneo dogo tu, usifunge kwa nailoni: ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Muulize mfamasia kwanza.

7. Mashine ya mwanga (IPL)

Ghali kuliko zote hapa, na mimi nasema usinunue. Mwanga wake hutafuta weusi wa nywele. Kwenye ngozi nyeusi huukuta kwenye ngozi yenyewe na kuichoma, ukabaki na mabaka. Mashine nyingi za nyumbani zinaandikwa kwenye boksi kuwa hazifai ngozi nyeusi sana, ila maandishi yenyewe ni madogo na muuzaji hatakusomea. Anayetaka suluhisho la muda mrefu aulize kwa daktari wa ngozi kuhusu leza aina ya Nd:YAG, ambayo mwanga wake hupita ngozi nyeusi kwa usalama zaidi.