Usiku wa moto wa Kilithuania kwa Mzungu wa Nyuki, Bagamoyo: chakula safi, kalenda imepinda

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza wote. Mtu mzima shilingi 35,000, mtoto nusu yake. Humo mna chakula, kinywaji cha kwanza na shughuli yenyewe mpaka saa tano usiku. Usafiri juu yako. Mahali ni ile nyumba ya wageni ya ufukweni, njia ya kwendea Kaole, yenye bango la jina refu ambalo hakuna anayelisoma. Mwambie bodaboda "kwa Mzungu wa Nyuki", umefika. Mwenyewe ni Mlithuania, mtu wa nchi ya Lithuania kule kaskazini mwa Ulaya, ana mizinga kwenye mikoko, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha baadhi ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Kila Juni huwasha moto wa mila za kwao, zile za kabla ya Ukristo. Zamani walikuwa yeye na wageni wake tu. Safari hii, Jumamosi ya tarehe 21 Juni 2025, akafungulia wenyeji kwa tiketi. Nikaenda na wifi yangu, wote wawili tukiwa na njaa na umbeya.

Chakula kwanza. Kuna supu ya baridi yenye rangi ya waridi, ndiyo, waridi kabisa: mtindi, bitiruti, matango yaliyokatwakatwa, juu yake yai la kuchemsha na majani fulani membamba aliyoyaotesha mwenyewe kwenye ndoo. Pembeni unawekewa mbatata za moto kwenye sahani yake. Unakula kijiko cha baridi, tonge la moto, kijiko cha baridi. Wifi aliitazama ile bakuli kama mtoto aliyeletewa dawa ya minyoo, akaishia kuomba ya pili. Samaki changu walikuwa wa kuchoma, chumvi na ndimu tu, mpishi ni mama wa hapahapa Dunda, na hapo sina la kuongeza. Jibini lilikuwa laini, limechanganywa na mbegu mfano wa bizari nyembamba, mimi lilinishinda. Mkate mweusi ulikuwa mgumu, ila ulisafiri kutoka Ulaya kwenye begi la mgeni, tuusamehe.

Kabla jua halijazama wanawake tuliitwa chini ya mwembe kutengeneza mataji. Kwao usiku huu wanawake huvaa mataji ya maua na majani ya porini, wanaume ya majani ya mwaloni. Mwaloni hapa hakuna, kwa hiyo alileta matawi ya mwarobaini, mrehani na beseni zima la asumini, akaanza kutufundisha kufunga. Wanawake wa Bagamoyo wafundishwe kufunga asumini! Mama mmoja wa Magomeni, mkono umezoea vikuba vya harusi, alitoa kidonge cha uzi kwenye pochi bila kusema kitu. Asumini tatu, jani la mrehani, uzi mzunguko mmoja, anavuta kwa meno. Asumini tatu tena. Taji lilipokamilika alilitikisa mbele yetu kama anakung'uta kanga na hakikudondoka hata kikonyo. Wageni wawili wa kike kutoka Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, waliacha ya kwao wakaenda kukaa miguuni pake. Nusu saa hiyo peke yake nahesabu imekula elfu kumi ya tiketi yangu kwa haki.

Mataji yale yana kazi. Unasimamishwa mti wenye panda tatu, wao wanauita kupolė, hapa lilikuwa tawi la mkorosho. Unaupa mgongo, unarusha taji kinyumenyume. Kila ukikosa ni mwaka mmoja zaidi wa kusubiri mume. Wifi, ambaye talaka yake hata kadhi ameshaisahau, alinasa kwa mrusho wa kwanza. Zilipigwa vigelegele mpaka mlinzi wa jirani akaja kuchungulia uani. Mimi nina mume, nilishika pochi.

Sasa moto wenyewe. Mawe yamejengwa duara kufikia kiunoni, kuni za mvinje, makumbi ya kuwashia. Kwa imani ya kale ya Walithuania moto ni Gabija, na Gabija hakai mbinguni: ni huohuo moto wa jikoni, mwanamke, mwenye kununa akitendewa ovyo. Mama wa nyumba alikuwa akifukia makaa kwa majivu kila usiku huku akimwomba alale salama, asije akatoka kutembea nyumbani. Bibi yangu Mlingotini alifukia makaa ya mafiga vilevile, na alikuwa na maneno yake ya kunong'ona hapo, ole wako uongee katikati.

Gabija hulishwa chumvi. Lilipitishwa bakuli la chumvi ya mawe ya Nunge, kila mtu anachota, anasogea, anatupa. Chumvi ya mawe ikifika kwenye makaa hulia, ta-ta-ta, punje zinaruka, kisha ulimi wa moto unageuka manjano iliyokolea. Mwenzangu wa kemia atawaambia hiyo ni sodiamu. Sawa, lakini gizani ukiwa na taji la asumini kichwani inakushika. Mimi sikutupa, dini yangu naijua na kutazama kulinitosha. Hakuna aliyenisukuma wala kunitazama vibaya, na hilo nampa mwenyeji alama zote.

Foleni ya chumvi ilikuwa ndefu, na humo ndimo nilimopata cha kufikiria. Wengi niliwajua. Ni watu ambao wakikuona unapeleka ubani kwenye kaburi la Sharifa pale Kaole, mwendo mfupi tu kutoka kwenye moto ule, wanakuita mshirikina na jioni habari imefika Majengo. Mmoja tunafanya kazi pamoja. Aliwahi kumvua mwanafunzi hirizi mbele ya darasa na kuitupa kwenye pipa. Jumamosi ile alitupa chumvi, akarudi nyuma ya mstari, akatupa tena ili apigwe picha vizuri. Pembeni yangu alikuwa mzee anayelinda mashua, mtu ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiitwa kwenye matambiko ya mvua. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanyamaza kidogo.

"Mwalimu, hawa wamelipa?"

"Elfu thelathini na tano, babu."

"Na mimi nikiweka bango, mbuyu wangu nitoze ngapi?"

Alikuwa anacheka, lakini swali lake sijalipatia jibu. Mlithuania huyu hana mila aliyorithi moja kwa moja kwa bibi yake, na alisema hivyo mwenyewe bila kuona haya. Nchi yao ilikuwa ya mwisho Ulaya kubatizwa, mwaka 1387, na baada ya hapo mila zikabaki vijijini vipandevipande: wimbo huku, kisa kule, namna ya kukata mkate. Kitabu kitakatifu hakuna. Kilichofufuliwa kimeokotwa kwenye nyimbo, hadithi, na maandishi ya mapadri waliokuwa wakizipiga vita mila hizohizo. Mwaka 1967, chini ya Wasovieti, vijana walikwenda Kernavė, kwenye vilima vya ngome za kale, wakafanya sherehe ya jua ya Juni mbele za watu. Kikundi chao kikapigwa marufuku mwaka 1971. Kiongozi wao Jonas Trinkūnas akaendelea, jumuiya ya Romuva ikasajiliwa mwaka 1992, yeye akatawazwa kuhani mkuu mwaka 2002. Alipofariki mwaka 2014 nafasi ikashikwa na mkewe, Inija Trinkūnienė. Walipoomba kutambuliwa rasmi na serikali, bunge likawakatalia. Wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakashinda mwaka 2021, na Desemba 2024 bunge likawapa. Hotuba yake hiyo ilikuwa ndefu na ng'ombe wa jirani alichangia, ila siilalamikii. Watu wamekwenda mpaka Strasbourg, kwenye mahakama hiyo, kudai haki ya kutupa chumvi motoni. Sisi mzee wetu mwenye mila ya kwake, isiyokatika hata siku moja, analinda mashua za watu na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kumuuliza chochote.

Kijana mmoja wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, aliuliza swali zuri: hii dini ni ya Wazungu peke yao? Mwenyeji hakukwepa. Alisema Ulaya vipo vikundi vinavyopenda miungu ya kale kwa sababu ya damu na rangi, kwamba Wanazi nao walijipamba kwa alama za kale za Kijerumani, na mtu wa namna hiyo kwake hapangi chumba. Akataja Waaislandi, ambao jumuiya yao ya Ásatrúarfélagið ilianzishwa mwaka 1972 na iko wazi kwa anayetaka. Jibu fupi, likatosha.

Ugomvi wangu na yeye ni wa anga. Alisimama mbele ya moto akatangaza, kwa sauti ya kuhutubia, kwamba tunasherehekea siku ndefu kuliko zote na usiku mfupi kuliko wote. Ndugu yangu, uko Bagamoyo. Tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi sita na ushee. Tarehe 21 Juni kwetu ndiyo siku *fupi* kuliko zote, kama saa 11 na dakika 45, na Desemba inafika saa 12 na nusu hivi. Tofauti ya mwaka mzima ni dakika 45, hata kuku hawaitambui. Vilnius siku hiyo mchana unafika saa 17, unaelewa kwa nini mtu akeshe. Mchana ule nilikuwa nimesimamisha fimbo ya mita moja uani kwangu, kama ninavyowafanyisha wanafunzi: adhuhuri kivuli kimelala kusini, sentimita 58. Jua limekwenda kaskazini mpaka mwisho wa kamba yake, lilifika huko alfajiri ileile saa 11:42, na kuanzia hapo linarudi kwetu. Hiyo ni sherehe tosha! Jua linarudi! Wafuasi wa mila hizi walioko Australia na New Zealand wengi wameshaipindua kalenda. Juni wanafanya sherehe ya katikati ya baridi, ile ambayo Ulaya ni ya Desemba. Nilimweleza baada ya chakula. Akasema tarehe ni ya kuwakumbuka wazee wake, si ya kupima jua. Nikamwambia wazee wake walipima jua.

Tena pwani hii ina mwaka wake wa jua. Manahodha na wakulima waliuhesabu kwa miongo, yaani makumi ya siku, jumla siku 365, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, na Makunduchi huko Unguja kila Julai wanachoma kibanda na kupigana kwa migomba kuufungua. Alikuwa hajawahi kwenda. Amekaa nchini miaka yote hiyo! Ameahidi atakwenda.

Nyimbo ziseme peke yake. Wale wageni wawili na mwenyeji waliimba sutartinės, nyimbo za zamani za kaskazini-mashariki mwa Lithuania ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2010. Sauti mbili zinakwenda jirani mno, zinagusana na kukwaruzana, na hakuna inayompisha mwenzake. Mwanzoni nilidhani mmoja kakosea. Baada ya muda masikio yanakubali na ule mkwaruzo ndio unaousubiri. Vijana wa TaSUBa walikuwa na ngoma tayari mapajani, wameambiwa waingie wakijisikia. Hawakuingia. Walisikiliza wimbo wote, wa pili wote, wa tatu mmoja akagusa ngozi kwa vidole viwili tu akaacha. Nilipenda adabu ile. Mdundiko ulikuja baadaye, kwa zamu yake, na hapo Vilnius ilicheza vibaya sana kwa furaha.

Kasoro, sasa, na hizi azisome. Moto uliwashwa saa 12:17 jioni, adhana ya magharibi inalia, nusu ya wageni tunatafuta pa kuswali. Wafanyakazi walitutandikia mikeka nyuma ya jiko haraka, maji ya udhu yalikuwepo, Mungu awalipe. Lakini dakika ishirini za kusubiri zisingemnunisha Gabija. La pili ni zito zaidi. Vinywaji viwili vya asali vilikuwa mezani, kimoja maji ya asali na tangawizi, kingine pombe ya asali ya kwao, vyote vya rangi moja, kwenye majagi yanayofanana, bila karatasi wala alama. Wifi alikuwa ameshaweka glasi mdomoni aliponusa. Katika mji huu, mwaka huu, na wageni waliovaa kanzu! Nilimwita mhudumu, akaomba radhi, akafunga utepe mwekundu kwenye jagi la pombe. Utepe ule ungekuwepo tangu saa kumi. La tatu: watoto walipelekwa na tochi kutafuta ua la kangaga, mmea ambao hautoi maua, eti huchanua usiku huo tu. Kwao ni mchezo wa wachumba. Hapa walirudi na matope mpaka magotini na mmoja bila kandambili.

Nampa nyota tatu na nusu. Ya nne anaipata siku atakapotangaza siku fupi kuwa fupi, na siku yule mzee wa mashua atakapokaa kwenye kiti cha mbele, alipwe, aulizwe, badala ya kusimama gizani na rungu lake.

Mkienda, tiketi mchukue mapema, viti ni vichache. Vaeni viatu vya kufunika, makaa ya mvinje yanaruka. Bodaboda wa kurudi mpatane naye mapema, maana saa tano usiku wanajipangia bei. Asali yake ya mikoko, nusu lita kwa 12,000, ni nyeusi kidogo na ina uchumvi wa mbali. Chukueni mbili, moja itaisha njiani. Dawa ya mbu nunueni mjini, dukani kwake ni bei mara mbili.