Tahadhari kwa wenye magari Nairobi: sensa ya noki inayozima taa ya injini ilhali ni kiziwi

Naandika tahadhari hii kwa kila anayenunua spea za gari katikati ya jiji la Nairobi, hasa upande wa Barabara ya Kirinyaga na vichochoro vyake, kwa sababu niliuziwa huko sensa ya noki, yaani kifaa kinachosikiliza milipuko isiyo ya kawaida ndani ya injini, ya bandia kwa bei ya orijino, nikaendesha gari nayo kwa wiki saba nikiamini kwamba tatizo limekwisha, kumbe kifaa kile hakikuwa na uwezo wowote wa kufanya kazi yake. Sitalitaja duka wala fundi aliyenipeleka, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyapeleka kunakohusika. Nitakachoeleza ni namna udanganyifu wenyewe unavyofanyika, kwa maana umetengenezwa kwa ujanja unaoweza kumpita hata fundi mwaminifu.

Gari langu ni Toyota Fielder ya mwaka 2010 yenye injini ya 1NZ. Taa ya injini iliwaka nikiwa njiani kwenda kazini, na tangu siku hiyo gari likawa zito kwenye vilima na likawa linakunywa petroli kupita kawaida. Fundi wa mtaani kwetu alichomeka mashine ya kusoma makosa, ikatoa namba P0328, naye akaniambia, "Madam, sensa ya noki imekufa, hii haina dawa isipokuwa kubadilisha." Hakupima chochote. Tulikwenda pamoja hadi duka alilolichagua yeye, nikaonyeshwa boksi lenye nembo ya mtengenezaji, nikalipa Sh7,500 kwa M-Pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono isiyo na jina la duka. Dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu na nikazipuuza. Jambo moja tu nilifanya sawasawa: nilidai sensa yangu ya zamani nirudi nayo nyumbani, ingawa fundi alisisitiza kwamba ni takataka.

Taa ilizimika na gari likarejesha nguvu zake. Hapo ndipo penye mtego, na ili ueleweke ni lazima nieleze kwanza kazi ya sensa hii.

Noki ninayoizungumzia si ile ya mtaani, mtu anaposema "injini imenoki" akimaanisha imekufa. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa unatakiwa uwashwe na plagi na moto usambae kwa utaratibu kutoka hapo. Joto na shinikizo vikizidi, au petroli ikiwa duni, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe, na mawimbi ya shinikizo hugonga kuta za silinda kama nyundo. Katika injini nyingi za magari madogo mitetemo hiyo huwa takriban 6,000 hadi 8,000 kwa sekunde. Sensa ya noki imefungwa kwa bolti kwenye bloki ya injini, na ndani yake kuna kipete cha kauri maalumu ambayo ikitikiswa huzalisha umeme mdogo. Kompyuta ya gari husikiliza umeme huo kila silinda inapowaka, na ikitambua noki huchelewesha cheche ya plagi kwa nyuzi chache za mzunguko wa injini, kisha huirudisha polepole mahali pake hali inapotulia.

Katika sensa za bapa zinazotumika kwenye Toyota nyingi za miaka hii, pamoja na kauri hiyo huwekwa rezista, yaani kipande kidogo cha kuzuia umeme, ambayo kazi yake ni moja tu: kuiwezesha kompyuta kujua kwamba sensa ipo na nyaya hazijakatika. Kompyuta isipoiona rezista hiyo huwasha taa na kuichelewesha cheche kwa kiwango kikubwa, kwa tahadhari, ndiyo maana gari huwa zito na petroli huisha upesi. Kwa hiyo gari lenye sensa iliyokufa na taa iliyowaka linakusumbua, lakini injini yake inalindwa. Anayetengeneza sensa bandia ameielewa siri hii. Anatia rezista ya shilingi chache ndani ya umbo la plastiki, kompyuta inaona kila kitu kiko sawa, taa inazimika, cheche inarudi mbele, gari linakimbia, na hakuna kinachosikiliza tena kama injini inaumia. Ni heri ningebaki na taa yangu imewaka.

Hapa Nairobi sikugundua lolote, na sababu yake ilinishangaza nilipoelezwa. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, silinda hujaa hewa kidogo zaidi, na kwa hiyo noki huwa nadra. Mwezi wa Aprili nilishuka Mombasa tukiwa watu watano na mizigo. Tulipokuwa tukirudi, tukipanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras kwenye joto la mchana, injini ilianza kutoa mlio kama wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, kila nilipokanyaga mafuta. Nikilegeza mguu, mlio ulikoma. Mwenye gari akisikia mlio huo asiendelee kukanyaga, kwa sababu noki ikidumu huvunja kauri ya plagi, hula uso wa pistoni na huunguza gasketi ya hedi.

Niliporudi nilimtafuta fundi mwingine wa umeme wa magari, kijana mtulivu ambaye alianza kwa kupima kabla ya kusema. Aliitoa sensa mpya, akaipima ukinzani, yaani jinsi inavyozuia umeme, ikasoma kiloomu 200. Kipimo kinachokubalika kwa sensa ya aina hii ni kiloomu 120 hadi 280 kwenye joto la nyuzi 20, kwa hiyo kwa kipimo hicho peke yake ile ya bandia ilifaulu bila doa. Kisha akaigeuza multimita, yaani kipima umeme chake, kwenye milivolti upande wa AC (umeme wa kwenda na kurudi), akaishika sensa mezani na kuigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Namba haikucheza. Akaniomba ile ya zamani, iliyokuwa imekaa miezi miwili kwenye droo yangu ya jikoni, akaigonga vilevile, na kila pigo namba ikaruka. Ukinzani wake nao ulikuwa ndani ya kiwango. Sensa yangu ilikuwa nzima muda wote.

Alipochunguza nyaya alikuta mmoja wa zile zinazoingia kwenye konekta umeunganishwa upya na kuviringishiwa utepe mweusi, kazi ambayo fundi wa kwanza hakunitajia. P0328 maana yake ni kwamba volti kwenye waya wa sensa imezidi kiwango, na waya uliokatika unatosha kabisa kuileta namba hiyo. Siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwa fundi wa kwanza, ila ukweli ni kwamba ubovu ulikuwa kwenye waya, waya ukatengenezwa, nami nikalipishwa sensa. Tuliikata ile ya bandia kwa msumeno wa chuma. Ndani mlikuwa na utomvu mweusi uliokauka na rezista moja ndogo iliyochomelewa kati ya miguu miwili ya konekta. Hapakuwa na kipete cha kauri, wala kipande kizito cha chuma kinachokaa juu yake.

Kwa hiyo usimkubalie fundi anayesoma namba kwenye mashine na kukutuma dukani hapo hapo. Mwambie afuate waya kwanza hadi konekta, na aangalie kama bolti imekaza, kwa maana sensa hii si kifaa cha kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa kama plagi, na nyingi hudumu umri wote wa injini. Inastahili kubadilishwa ikiwa nyaya ni nzima na ukinzani uko nje ya kiwango, au ikigongwa haitoi umeme, au ikiwa plastiki yake imepasuka na maji au oili imeingia. Hata sensa iliyoangushwa sakafuni isiaminiwe bila kupimwa.

Ukilazimika kununua, nenda na multimita au na fundi mwenye nayo, na uigonge sensa dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka. Usitegemee boksi. Kwa Toyota namba ya sensa hii huanza na 89615, na namba hiyo nayo inaweza kuchapishwa kwenye boksi la bandia; boksi langu lilikuwa nayo, lakini kwenye mwili wa sensa hapakuwa na alama yoyote isipokuwa kibandiko kilichobanduka kwa ukucha. Wakati wa kufunga, uso wa bloki uwe safi hadi chuma chenyewe, pasiwekwe washa ya bolti wala grisi, na bolti ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu hadi nyutoni-mita 20 kwa injini kama yangu. Ikilegea haisikii vizuri, ikizidi kukazwa kauri hupasuka.

Lipa kwa namba ya biashara na udai risiti yenye jina la duka, kwa sababu bila hivyo mlalamikaji hana pa kushika. Mimi niliokolewa na ujumbe wa M-Pesa, picha za boksi na vipande viwili vya sensa iliyokatwa, ambavyo nimevipeleka kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Kwa fedha zenyewe, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na unaweza kujisimamia bila wakili. Fomu zangu nimekwisha kuzijaza.

Kama ulifungiwa sensa mpya ya noki mwaka huu, taa ikazimika mara moja, na tangu hapo unasikia changarawe ukipanda kilima, itoe uigonge kabla hujaanza safari ya pwani.